Orodha ya wanaonukuliwa sana haimwoni mtoto

Kila mwaka inapotoka ile orodha ya wanasayansi wanaonukuliwa zaidi duniani, inayojulikana kwa kifupi kama orodha ya asilimia 2, vyuo vikuu huharakisha matangazo: profesa wetu wa ustawi wa jamii yumo. Huwekwa picha, pongezi, na sentensi moja isiyokosekana, kwamba kazi yake imebadilisha maisha ya watoto walio katika mazingira magumu. Pongezi ni haki yake. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye kasoro, maana orodha haikulipima jambo hilo na haina namna ya kulipima. Ilichohesabu ni mara ngapi wasomi wengine waliitaja kazi yake katika marejeo ya makala zao. Katika ulinzi wa watoto, kutajwa na wasomi na kumfikia mtoto ni safari mbili, na mara nyingine hazikutani kabisa. Ndiyo maana nashikilia kwamba mtafiti wa fani hii apimwe kwa kuufuata utafiti wake mpaka kwenye faili la mtoto: uliingia katika sheria ipi, fungu lipi la fedha, swali lipi la fomu, na baada ya hapo mtoto alipata nini, faida na madhara pia.

Tuanze na orodha yenyewe. Waliitengeneza John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, ikachapishwa mara ya kwanza mwaka 2019 kwa kutumia kanzidata ya Scopus, inayokusanya taarifa za makala za kitaaluma na nukuu zake. Alama yake huundwa kwa vipimo sita. Kimoja ni jumla ya nukuu. Kingine ni kile kipimo cha h alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ambapo mwenye h ya 20 ni yule aliyeandika makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja. Vipimo vitatu kati ya hivyo sita hutazama makala ambazo mtafiti aliandika peke yake, au jina lake limekaa mwanzo au mwisho wa orodha ya waandishi. Hapo fani yetu inaumia. Utafiti mzuri wa ustawi wa mtoto huandikwa pamoja na maafisa wa idara, wakusanyaji wa kumbukumbu, na mara nyingine vijana waliolelewa katika mfumo wenyewe. Msomi anayekubali jina lake likae katikati ili wenzake waonekane anapoteza alama. Tena kanzidata hiyo imejengwa juu ya majarida na vitabu, ilhali kazi zinazosomwa na wakuu wa idara ni ripoti za kurasa 80, miongozo ya mafunzo na maelezo mafupi kwa wabunge.

Msomaji wa mwisho wa utafiti huu hana nafasi ya kusoma jarida, na pengine hana hata ruhusa ya kulifungua. Ni afisa ustawi wa jamii ambaye jioni ya Ijumaa ameshika taarifa ya mtoto mwenye michubuko, na anatakiwa kuamua kabla ya usiku kama mtoto alale kwao, kwa ndugu, au katika familia ya malezi ya kambo, yaani familia inayomlea kwa muda mtoto asiye wake. Utafiti humfikia kwa mlango wa nyuma: umekuwa swali kwenye fomu ya tathmini, kifungu cha sheria, idadi ya mafaili anayoruhusiwa kubeba, au alama inayotokea kwenye kompyuta. Katika wilaya ya Allegheny, jimbo la Pennsylvania, tangu Agosti 2016 wanaopokea simu za taarifa huona alama ya hatari kati ya 1 na 20 iliyokokotolewa na programu waliyoiunda watafiti, Rhema Vaithianathan na Emily Putnam-Hornstein wakiwa mbele. Anayeisoma alama hiyo hahitaji kuwajua waliotunga hesabu zake, lakini uamuzi wake kuhusu familia fulani unaanza na kazi yao.

Mfano ninaouona wazi kuliko yote ni wa Mark Courtney, mtafiti wa ustawi wa jamii wa Marekani. Kati ya 2002 na mwanzo wa 2003, timu yake iliwahoji vijana 732 waliokuwa karibu kutoka katika malezi ya serikali katika majimbo matatu ya Marekani: Illinois, Iowa na Wisconsin. Kisha ikawafuatilia kwa miaka mingi, hadi walipofika umri wa miaka 26. Nguvu ya utafiti huo ilitokana na mpaka wa majimbo. Illinois iliwaruhusu vijana kubaki katika malezi hadi miaka 21. Majirani zake wawili kwa kawaida waliwatoa wakifika 18. Vijana wenye historia zinazofanana wakawa wanaishi chini ya kanuni mbili, na tofauti ikaanza kuonekana, hasa katika kuendelea na masomo baada ya sekondari. Matokeo yalitolewa kwanza kama ripoti za taasisi, si kama makala za majarida makubwa. Mwaka 2008 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyoruhusu fedha za serikali kuu kuwahudumia vijana hao hadi miaka 21. California ikatunga sheria yake mwaka 2010, ikaanza kutumika Januari 2012, na Courtney akarudi huko kupima upya kwa kundi jipya la vijana. Ukiitazama kazi hiyo kwa hesabu ya nukuu peke yake utaona mtafiti anayenukuliwa vizuri. Ukiifuata njia yake utaona vijana ambao siku ya kutimiza miaka 18 hawakulazimika kufungasha mizigo.

Hapo pana hoja ya kupinga ambayo ni nzito, na lazima ipewe uzito wake. Nani anaweza kusema sheria ya 2008 ni ya Courtney? Palikuwa na vijana waliosimama mbele ya kamati wakaeleza walivyolala nje, palikuwa na mashirika ya utetezi, palikuwa na wabunge waliokuwa na sababu zao. Romania inaonyesha ugumu huo vizuri zaidi. Watafiti wa Marekani Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwachukua watoto 136 wa umri wa miezi 6 hadi 31 waliokuwa katika makao ya watoto ya Bucharest, wakawagawa kwa nasibu, yaani kama kwa kura: 68 wakaenda katika familia za malezi ya kambo zilizotafutwa na kulipwa na mradi, 68 wakabaki katika huduma ya kawaida. Makala yao mashuhuri juu ya ukuaji wa akili ilichapishwa katika jarida la Science mwaka 2007, ikionyesha kuwa waliopelekwa katika familia walipata nafuu, hasa waliowahi kabla ya miaka miwili. Lakini sheria ya Romania iliyokataza kuwaweka makaoni watoto wa chini ya miaka miwili, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa, ni ya mwaka 2004. Sheria iliitangulia makala kwa miaka mitatu. Hakuna nukuu hata moja ya makala hiyo ambayo ingeweza kuisababisha. Kilichosaidia ni matokeo ya awali yaliyowasilishwa kwa maafisa, pamoja na shinikizo kubwa zaidi la Umoja wa Ulaya, ambao Romania ilikuwa ikitaka kujiunga nao na ikajiunga 2007. Kwa hiyo swali la kuuliza ni mchango: bila utafiti huu, sheria ingekuwa na umbo gani? Romania ingeweza kufunga makao kwa sababu za kisiasa tu. Kwamba umri wa chini kabisa ulitangulizwa ni jambo ambalo sayansi ilikuwa na neno ndani yake.

Sasa tugeukie upande wa pili, kazi iliyonukuliwa kupita kiasi ikafika vibaya. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao walichapisha uchunguzi wa watu wazima 9,508 waliohudumiwa katika kliniki moja ya San Diego, wakionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso utotoni, ndivyo magonjwa na tabia hatarishi zilivyoongezeka ukubwani. Ni kazi kubwa, na bila hiyo mazungumzo ya afya ya umma yangekuwa maskini. Ila baadaye hojaji yenye aina kumi ikaanza kusambaa katika kliniki, shule na ofisi za ustawi, mtoto mmoja mmoja akipewa alama kutoka 0 hadi 10 na alama hiyo ikatumika kuamua nani yuko hatarini. Angalia inavyofanya kazi mezani. Mtoto wa kwanza: wazazi wametengana, baba yuko gerezani, mjomba aliyeishi nao ana ugonjwa wa akili, na nyumbani palikuwa na ulevi. Alama 4. Leo anaishi kwa bibi yake, ametulia, anakwenda shule. Mtoto wa pili amenajisiwa na jamaa mmoja kwa miaka mitatu, na mengine yote nyumbani yako shwari. Alama 1. Alama hiyo haisemi mara ngapi, ukali gani, umri gani, wala nani alikuwapo kumkinga. Ilijengwa kupima jamii kwa wingi wake, na kwa wingi inasema kweli. Kwa mtoto mmoja inaweza kumpita aliye katika hatari kubwa. Mwaka 2020 Anda mwenyewe, pamoja na wenzake wawili, aliandika kuonya kwamba alama hiyo isitumike kumpima mtu mmoja mmoja. Nukuu zilizotokana na matumizi hayo mabaya zimehesabiwa sawa na nyingine zote.

Madhara ya aina nyingine huja pale utafiti unapofika ukiwa na jina bila kiwiliwili. Mtafiti David Olds alianza mwaka 1977 katika mji wa Elmira, New York, jaribio la wauguzi kuwatembelea nyumbani akina mama wa mimba ya kwanza. Wanawake 400 waliandikishwa, na ufuatiliaji wa miaka 15 uliona ukatili na utelekezaji wa watoto ukiwa umepungua katika familia zilizotembelewa. Mpango uliotokana na hapo ulijengwa juu ya masharti ya wazi: mama aanze kabla ya wiki ya 28 ya mimba kwisha; ziara ziwe kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kila wiki mbili hadi kujifungua, kila wiki tena kwa wiki sita baada ya kujifungua, na kuendelea hadi mtoto afike miaka miwili; muuguzi asizidishe familia 25, msimamizi asizidishe wauguzi wanane. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mpango ukisifiwa hupata viongozi wanaotaka jina lake kwa nusu ya gharama. Familia 25 zinakuwa 40, ziara ya saa nzima inakuwa simu ya dakika kumi, anayeanza mwezi wa nane anapokelewa ili idadi itimie. Mwaka mmoja baadaye tathmini inasema haukufanya kazi, na kosa linawekwa juu ya utafiti.

Wala uaminifu kwa masharti peke yake hautoshi. Uingereza iliuchukua mpango huo kwa makini, ikaupima kwa jaribio la nasibu la wanawake vijana 1,645. Matokeo yalipotoka katika jarida la kitabibu la The Lancet, hapakuwa na tofauti katika mambo manne makuu yaliyopimwa: uvutaji sigara mwishoni mwa mimba, uzito wa mtoto, mimba nyingine ndani ya miaka miwili, na watoto kukimbizwa hospitali kwa dharura. Maelezo ninayoyaona yenye nguvu ni kwamba kundi la ulinganisho halikuwa mikono mitupu. Mama kijana Uingereza tayari ana mkunga na muuguzi wa jamii bila malipo. Mama maskini wa Elmira mwaka 1977 hakuwa na kitu cha namna hiyo. Ufuatiliaji wa baadaye uliona nafuu kidogo katika utayari wa watoto kuanza shule, lakini si katika ulinzi wao. Kwa hiyo ukisema "utafiti wa Olds una ushawishi", lazima useme wapi, kwa nani, na dhidi ya huduma gani iliyokuwapo.

Wanaotetea hesabu ya nukuu wana hoja mbili zinazostahili heshima. Ya kwanza, nukuu hazimjui mtu. Kamati ya kupandisha vyeo inayoacha namba hurudi kwa urahisi kwenye urafiki, kabila la kitaaluma na nani anamsalimia nani. Ya pili, kutajwa na wenzako ni ushahidi kwamba kazi imepita mikononi mwa watu wanaoweza kuona makosa yake. Mtafiti anayependwa na mawaziri na kupuuzwa na wataalamu wenzake anatia wasiwasi. Nazikubali zote mbili, na ndiyo maana sisemi hesabu ifutwe. Hoja yao ya tatu ndiyo dhaifu: kwamba kinachonukuliwa sana hatimaye huchuja na kufika kazini chenyewe, basi nukuu ni kiashiria cha mapema cha faida. Romania inakataa, kwa kuwa sheria ilitangulia. Alama ya mateso ya utotoni inakataa kwa ukali zaidi, kwa kuwa ilifika kwa kasi na mwanzilishi wake akalazimika kuikimbilia kuizuia. Utafiti hauchuji kama maji kwenye mchanga. Kuna mtu anauchukua, anaukata uenee kwenye fomu, na katika kuukata ndipo maana inapobaki au kupotea.

Walio upande wa pili hutaka masimulizi badala ya namba. Uingereza imekwenda mbali katika hilo: katika tathmini ya vyuo ya mwaka 2014, asilimia 20 ya alama ilitolewa kwa athari nje ya taaluma, na mwaka 2021 ikawa asilimia 25. Chuo huandika maelezo ya kurasa chache kueleza utafiti ulivyobadilisha kitu, kikiambatanisha ushahidi wa watu wa nje. Ni hatua njema, na imewalazimisha wasomi kwenda kuuliza idara zilifanya nini na kazi yao. Udhaifu wake ni kwamba chuo huchagua hadithi zake bora. Hakuna anayewasilisha fomu iliyoshindwa. Tena sheria huhesabiwa kama mwisho wa safari, wakati katika ulinzi wa watoto sheria ni katikati tu.

Njia ninayoipendekeza inaanza mwisho na kurudi nyuma. Chagua idara moja inayosemekana kutumia utafiti husika. Omba fomu inayojazwa leo, usikubali ile iliyochapishwa kwenye mwongozo, kwani mara nyingi hazifanani. Kwa kila swali uliza lilitoka wapi na nani alipanga kikomo cha alama. Kisha chukua kwa kura mafaili 50 yaliyofungwa mwezi mmoja, uangalie tarehe: fomu ilijazwa kabla ya uamuzi au baada yake? Ukikuta mafaili mengi yamejazwa siku moja baada ya mtoto kuondolewa nyumbani, na majibu yamejipanga kuunga mkono uamuzi, basi utafiti haukuongoza kitu. Umekuwa karatasi ya kujikinga. Baada ya hapo hesabu mambo matatu kwa miezi 12: watoto wangapi walirudi kuripotiwa, wangapi walihamishwa makazi zaidi ya mara moja, na ilichukua siku ngapi hadi kupata makazi ya kudumu. Linganisha na eneo jirani ambalo halijaanza, kama Courtney alivyotumia mpaka wa Illinois. Taarifa za marudio zikipungua, usishangilie bado. Angalia kwanza kama kizingiti cha kupokea taarifa kilipandishwa kipindi hichohicho, maana idara inayokataa simu nyingi huonekana imefanikiwa. Na uliza kila afisa ana mafaili mangapi. Chombo kilichofanya kazi kwa mwenye mafaili 15 hakiwezi kulaumiwa wala kusifiwa mikononi mwa mwenye 60.

Kazi hiyo inahitaji muda mrefu kuliko mzunguko wa tathmini za vyuo. Daktari wa watoto Henry Kempe na wenzake walichapisha mwaka 1962 makala juu ya watoto waliopigwa, kutokana na uchunguzi wa hospitali 71 uliokusanya visa 302. Watoto 33 kati yao walikuwa wamekufa. Kufikia 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya kulazimisha madaktari na wengine kutoa taarifa. Ni vigumu kupata utafiti uliobadilisha sheria kwa haraka hivyo, na watoto waliookolewa ni wengi. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mifupa iliyovunjika ulipanuka hadi kupokea utelekezaji, ambao leo ndio sehemu kubwa ya visa vinavyothibitishwa huko, na ambao mara nyingi unashikana na umaskini. Uchunguzi uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba asilimia 37 ya watoto wa Marekani hufanyiwa uchunguzi wa ulinzi wa mtoto kabla ya miaka 18, na kwa watoto weusi zaidi ya nusu. Tathmini iliyofanywa mwaka 1970 ingemsifu Kempe bila kasoro. Iliyofanywa leo ingempa sifa ileile, ikaongeza ukurasa wa pili.

Hili lina uzito wa fedha sasa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 kuhusu kuzuia watoto kuondolewa nyumbani imefungamanisha malipo na daraja la ushahidi: angalau nusu ya matumizi ya jimbo yanayolipiwa iende kwenye mipango ya daraja la juu, na daraja hilo hudai tafiti mbili zinazojitegemea, moja ikionyesha faida iliyodumu angalau miezi 12 baada ya huduma kwisha. Jaribio moja zaidi linaweza kufungua au kufunga mfereji wa fedha. Katika hali hiyo mtafiti aliyebuni mpango, anayeupima, na anayepata jina kwa kuenea kwake asiwe mtu mmoja, na kamati za vyuo ziulize jambo hilo waziwazi. Idara nazo zifungue kumbukumbu zao kwa watafiti wa nje, majina ya watoto yakiwa yameondolewa, kwa sababu bila tarehe za mafaili hakuna anayeweza kujua fomu ilitangulia uamuzi au iliufuata. Na fomu za kupandisha vyeo ziwe na nafasi ya kazi ya namna aliyofanya Anda mwaka 2020: msomi aliyeandika kuzuia matumizi mabaya ya matokeo yake mwenyewe, akatoa chombo kibovu kwenye meza ya afisa. Kwa sasa kazi hiyo huingia kama makala moja tu, na ikifanikiwa kabisa, nukuu za kazi yake ya awali zitapungua.